Gunzi Kwenye Chupa ya Petroli

Jumamosi iliyopita nilitundika chupa ya petroli kwenye kamba ya kuanikia nguo, hapa nyumbani kwangu Kitale, na jirani yangu akaja mbio hadi uani akidhani nimepagawa. Alisimama akaitazama ile pikipiki kuukuu iliyovuliwa tanki, akaitazama chupa iliyoning'inia juu yake, akaifuata kwa macho mipira miwili myembamba iliyoshuka kutoka kwenye chupa hadi ndani ya injini. Kisha akashika kiuno.

"Haki jirani," akasema, "hiyo pikipiki imelazwa wodi gani?"

Nikamwambia imelazwa wodi ya wazee na daktari wa zamu ni mimi. Akacheka sana, halafu akaniuliza kwa nini nisiite tu fundi wa bodaboda, wamejaa pale stejini, kijana angemaliza kazi kabla chai haijapoa. Vijana hao nawapenda, lakini pikipiki zao zina silinda moja na kabureta moja, na hii yangu ina mbili mbili. Mafundi watatu wameshaniambia niiuze kwa kilo. Nami, rafiki yangu, nikiambiwa jambo haliwezekani ndipo napata nguvu ambazo sikujua ninazo. Ni ugonjwa wa kwetu, nimeurithi kwa mama.

Nilipofungua mdomo wa chupa, harufu ya petroli ikanipanda puani, na papo hapo sikuwa tena mama wa watu. Nilikuwa mtoto wa miaka kumi, pekupeku, kule Kabuchai, chini ya ghala la mahindi, nimeshika kamba kwa mikono miwili.

Boma letu lilikuwa na miwa upande mmoja na mahindi upande wa pili, na katikati nyumba mbili, yetu na ya kukhu. Kukhu ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu, na huyu alikuwa mamake baba. Asubuhi ulikuwa ukiamshwa na trekta za miwa zikipita barabarani na mikokoteni yake ikigongana, na kabla trekta ya mwisho haijapita ulishasikia kukhu akisugua sufuria kwa majivu. Nikivuta pumzi hivi sasa naweza kukuletea harufu ya jiko lake: moshi wa kuni mbichi, maziwa lala, na viazi vitamu vilivyopondwa na maharagwe, vile ambavyo ukila asubuhi unaweza kulima hadi saa nane bila kuulizia chakula.

Kukhu alikuwa na sheria nyingi, na moja ilizipita zote. Katika nyumba yake hapakuwa na chupa iliyokaa wazi. Siku za kupukuchua mahindi, wenzake walipotupa magunzi jikoni yawe kuni, yeye alikaa akiyachagua, akiyakata kwa kisu, akiyajaribu mdomoni mwa chupa moja moja hadi yakae barabara. Mafuta taa yalikuwa na gunzi lake, asali gunzi lake, dawa ya kikohozi gunzi lake. Hata kibuyu cha maziwa kilikuwa na gunzi lililofungwa kwa kitambaa. "Chupa bila gunzi," alisema, "ni kama mtu analala mdomo wazi. Kila kitu inaingia." Sisi wajukuu tuliijua sheria hiyo kabla ya kujua kuhesabu. Ukiacha chupa wazi, hukupigwa. Ulinyimwa ukoko wa ugali, na heri ungepigwa.

Baba alikuwa mtu wa ng'ombe. Kazi yake ilikuwa kuwapa ng'ombe mimba kwa mrija, bila dume, kwa niaba ya chama cha maziwa pale Chwele, na watu wenye mizaha walimwita fahali wa pikipiki. Naye alicheka pamoja nao. Lakini kazi ile haikuwa ya mzaha, kwa sababu ng'ombe akitaka dume hangoji. Ukichelewa leo, umepoteza wiki tatu, na mwenye ng'ombe hatakusahau. Ndiyo maana baba aliitunza ile pikipiki kuliko alivyojitunza mwenyewe. Aliinunua kwa padri mmoja wa Kitale aliyekuwa akirudi kwao, pikipiki nzito, nyeusi, yenye silinda mbili na ekzosi mbili, na ilipokuwa ikipanda kutoka Chwele tuliisikia kabla vumbi lake halijaonekana.

Mara mbili kwa mwaka, mvua zilipokwisha na vumbi lilipoanza, baba aliiegesha chini ya ghala na kurekebisha kabureta zake. Sikiliza nikueleze, kwa sababu hapa ndipo mambo yote yalipo. Kabureta zilikaa chini ya tanki, na huwezi kuzifikia kwa bisibisi bila kuling'oa tanki. Lakini ukiling'oa, injini itakunywa nini? Na injini isipoguruma, utajuaje kama umeirekebisha ama umeiharibu? Basi baba alitengeneza tanki la kuazima. Alichukua mtungi mdogo wa plastiki, akautoboa mara mbili chini kwa msumari wa moto, akapitisha mipira miwili ya dripu aliyopewa na jirani yetu nesi, mmoja kwa kila kabureta, na kuzunguka matundu akapaka sabuni ya kipande isivuje. Mtungi ukafungwa kamba, kamba ikapitishwa juu ya boriti ya ghala, na mwisho wa kamba nikapewa mimi. Baba akisema juu, ninavuta. Akisema chini, ninaachia. Ndugu yangu mdogo alililia kazi hiyo hadi akatapika, asipewe.

Siku hiyo kukhu alizima moto jikoni. Hakukuwa na majadiliano. Alifukia makaa kwa majivu, akamwaga maji juu, akaketi mlangoni kama askari, na boma zima tulikula viazi baridi hadi pikipiki ipone. "Petroli na moto ni mtu na shemeji yake," alisema. "Wasikae nyumba moja."

Baba hakuwa na vyombo vya kupimia. Aligeuza skrubu ya kushoto, akageuza ya kulia, kisha akaenda nyuma akaweka kiganja kwenye kila ekzosi, akafumba macho, akasikiliza kwa mikono. "Zinafaa kupumua kama mapacha wamelala," aliniambia. "Mmoja akikoroma kumshinda mwenzake, hawatalala vizuri." Alipopata alipotaka, aliandika katika daftari lake dogo la rangi ya samawati: kushoto mzunguko mmoja na nusu, kulia mmoja na robo. Kila mwaka alirudi kwenye maneno yale yale. Mama alikuwa akimpa spana na kumfuta jasho, nami nikishika kamba, na kama kuna raha nyingine duniani sijaonyeshwa bado.

Kisha baba akaugua, na pikipiki ikalala miezi mingi chini ya turubai. Tulimzika wakati wa kupalilia. Sitakueleza siku ile. Nitakueleza jambo moja dogo tu ambalo hakuna aliyeliona: katika zile pilikapilika za matanga, vijana walichukua mtungi wa baba kubebea mafuta ya taa za karabai, na walipourudisha, kifuniko chake kilikuwa kimepotea.

Baada ya matanga wazee wa ukoo walikaa chini ya ukuta wa nyumba yetu kugawa vitu vya marehemu, kama ilivyo desturi. Koti kwa huyu, buti kwa yule, redio kwa mwingine, kila mtu abaki na kitu cha kumkumbuka. Ilipofika zamu ya pikipiki, baba mdogo aliyekuwa akiishi Kitale akasimama na kuiomba. Hakuwa mtu mbaya, na nataka ulijue hilo mapema. Alisema pikipiki isiyoendeshwa huoza, na mama atakaporudi kwao au kutafuta kazi za nyumba mjini, watoto tutagawanywa: ndugu yangu abaki na kukhu, mimi niende Kitale kusaidia kulea wanawe. Alisema kwa upole, na wazee wakatikisa vichwa kukubali.

Mama akasimama. Wanawake wengine walikuwa wameketi kwenye mkeka nyuma, wakamvuta kanga aketi, hakuketi.

"Mimi siendi kwetu," akasema. "Hiyo kazi ya ng'ombe niliisomea Kitale kabla huyu msichana hajazaliwa. Karatasi yangu iko ndani. Chama wameniambia, ukiwa na pikipiki inatembea, kuja uanze. Mkichukua pikipiki, mmechukua kazi na watoto pia."

Mzee mmoja akasafisha koo. "Sisi hatukatai, mama. Lakini hii kitu ni ya kazi, si ya kuangaria tu. Hata haigurumi."

"Itaguruma."

"Nani ataifanya igurume?"

"Mimi."

Kukafuata kicheko kidogo, cha adabu. Ndipo kukhu, ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi, akamgeukia baba mdogo, mwanawe aliyebaki, mbele ya watu wote. "Wewe umewahi kushika hata spana?" akamwuliza. "Huyu ameshika. Mwacheni ajaribu." Wazee wakanong'onezana, kisha wakatoa uamuzi wao kwa masoko, si kwa siku. Soko la tano kuanzia lile lililofuata, mama aende na pikipiki hadi Chwele na kurudi bila kuisukuma. Akiweza, ni yake. Asipoweza, itaenda Kitale, na mimi nyuma yake.

Kesho yake asubuhi mama alivaa suruali ya baba, akaikunja miguuni, akafunga leso kichwani. Kukhu akazima moto. Mama akang'oa tanki, akafungua kabureta zote mbili juu ya gunia safi, akazioshea petroli, akapuliza matundu kwa mdomo hadi midomo ikababuka. Akazirudisha, akafunga mipira, akafungua daftari la samawati na kuziweka skrubu kama baba alivyoandika. Nikajaza mtungi. Kifuniko hakikuwepo, na kukhu akanikabidhi gunzi jipya alilolikata mwenyewe, zuri, limekaa barabara. "Funga kabisa," akaniambia. "Petroli ikipumua, moto inaisikia."

Nikalisukuma kwa kisigino cha kiganja hadi likalia. Nikapanda kwenye kigoda, nikavuta kamba.

Mama alipiga teke la kuwasha mara nyingi hadi nikaacha kuhesabu. Kisha ikakohoa, ikakohoa tena, ikaguruma! Kukhu akapiga kigelegele kutoka mlangoni. Mama akakimbia nyuma kuweka viganja, na kabla hajafumba macho mngurumo ukapanda juu ghafla, ukayumba, ukafa.

"Mtungi umeisha?"

"Bado, mama."

Nilichomoa gunzi kuhakikisha, nikaongeza kidogo, nikafunga tena kwa nguvu. Ikawaka. Ikaguruma dakika mbili tatu, ikapanda, ikayumba, ikafa. Ndivyo ilivyokuwa siku ile, na siku iliyofuata, na wiki ile nzima. Kila ilipozimika, mama aligeuza skrubu kidogo, robo huku, nusu kule, akitafuta mahali ambapo ingekubali kukaa. Mgongo wake ulielekea kwangu, kwa hivyo hakuona nilichokuwa nikikiona mimi pale juu: kila injini ilipokaribia kufa, mtungi ulivuta mashavu ndani, kama kukhu akinyonya mfupa. Nililiona jambo hilo likanichekesha. Nilimwita hata ndugu yangu aje atazame. Mungu anisamehe, tulicheka.

Mama alimleta fundi kutoka Chwele. Akasikiliza injini ikifa mara mbili, akajipangusa mikono ingawa hakuwa ameshika kitu. "Kabureta zimekufa, mama. Hii hata ukiiombea haiwezi. Uza, bana." Akaondoka na viazi vyetu tumboni.

Soko la tatu likapita, na petroli ikawa inapungua. Jioni ile mama aliketi kwenye gunia na daftari mapajani, mikono imechubuka, kucha nyeusi. Alisoma ule mstari wa baba, akausoma tena. Kisha akalitupa daftari, likaanguka kwenye magunzi.

"Hata hesabu yake ilikuwa ya uongo," akasema. "Miaka hii yote nilidhani alikuwa anajua."

Sikuwa nimewahi kumsikia akisema neno baya juu ya baba, si akiwa hai wala baada ya kufa. Kukhu alikuwa mlangoni, na alisikia, na yule ni mwanawe. Aliinuka, akaokota daftari, akalipangusa kwa kanga yake, akaingia nalo ndani.

Soko la nne kukhu alinituma Chwele kununua mafuta ya kupikia. Napenda kukumbuka lile soko lilivyokuwa: kuku wamefungwa miguu wakichungulia kutoka vikapuni, omena wakinuka jua, wanawake wa mlimani na viazi vyao vyenye udongo mwekundu, ng'ombe wakilia upande wa mnada. Muuza mafuta alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kwaya. Alikuwa ameketi na debe jipya lililofungwa, akachukua msumari na jiwe, akatoboa tundu kwenye kona ya juu. Nikainua chupa yangu nikidhani tayari. Akazungusha debe, akatoboa tundu la pili kwenye kona ya pili.

"Mbona unatoboa mara mbili?" nikamwuliza.

"Si hii ni ya mafuta," akasema, "na hii ni ya upepo. Upepo isipoingia, mafuta itakwama hapo ikuangarie tu. Hawakufundishi shule?"

Akainamisha debe, akaziba tundu la juu kwa kidole ili nione. Mafuta yakatiririka, yakapungua, yakakatika. Akaondoa kidole, yakamwagika laini bila kelele. Nikayatazama mafuta yale yakijaza chupa yangu. Nikauona mtungi wetu na mashavu yake yaliyobonyea. Nikakumbuka kifuniko cha baba, kile kilichopotea matangani, ambacho katikati yake kulikuwa na kitundu cha msumari. Nilikuwa nimekiona kitundu kile maisha yangu yote na sikuwahi kuuliza ni cha nini.

Ungekuwa wewe, ungefika nyumbani ukapiga kelele, sivyo? Mimi nilifika nikaweka mafuta mezani, nikanyamaza. Niliona aibu. Mikono iliyokuwa ikiiua pikipiki ilikuwa hii yangu, mikono ile niliyojivunia kwa ndugu yangu na kwa watoto wote wa jirani. Na nikisema, ningemtaja kukhu pia, aliyenipa gunzi, kukhu aliyesimama na mama mbele ya ukoo mzima. Nikapanga mpango wa kitoto: nitalilegeza gunzi kimya kimya, injini itakaa, mama atadhani ameweza, na hakuna atakayejua.

Mama alikuwa amebakiza petroli ya jaribio moja, na aliitunza hadi mchana wa kuamkia soko la tano. Kukhu akazima moto kama siku zote. Nikajaza mtungi, nikaweka gunzi juu juu tu, nikavuta kamba. Mama akapiga teke. Ikawaka.

Dakika mbili zikapita. Tatu. Tano. Mtungi haukuvuta mashavu. Injini ikaendelea kunguruma, na mama akasimama katikati ya ua ameshika mdomo, akaanza kucheka, akaniangalia, akamwangalia kukhu. Lakini ekzosi zilitoa moshi mweusi, mzito, unaowasha macho, na mngurumo ulikuwa wa kishindo, wa kuchechemea, pacha mmoja akimkanyaga mwenziwe. Mama akaweka viganja nyuma, akakunja uso. Zile skrubu alikuwa amezizungusha siku nyingi akiutibu ugonjwa ambao haukuwepo. Akageuza hii, ikazidi. Akageuza ile, karibu izime. Petroli ilikuwa inashuka mbele ya macho yangu.

"Itanifikisha wapi na moshi hii?" akasema. "Haitapanda hata kilima cha kwanza. Na yule mtu na daftari yake ya uongo, laiti angeandika vizuri..."

Hapo ndipo niliposhindwa. Ningeweza kubeba aibu yangu mwenyewe, labda hata hadi leo. Lakini baba alikuwa kaburini pale nyuma ya migomba, hawezi kujitetea, na mimi nilikuwa ninajua.

"Si uongo!" nikapiga kelele juu ya mngurumo. "Mama, baba hakuandika uongo! Ni mimi! Ni gunzi!"

Akazima injini. Nikamweleza yote nikiwa bado kwenye kigoda, nikilia, kamba mkononi kwa sababu sikujua niiache wapi: mashavu ya mtungi, muuza mafuta, kitundu cha kifuniko, siku zote nilizonyamaza. Nilipofika kwa aliyenipa gunzi, kukhu mwenyewe ndiye aliyemaliza. "Mimi ndiyo nilimwambia afunge," akasema kutoka mlangoni. "Mimi na magunzi yangu."

Nilingoja kofi. Mama alikuja akausimamia ule mtungi, akalichomoa gunzi, akalishika akiligeuza kana kwamba lina maandishi. Mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani analia, na kweli alikuwa analia, lakini ndani ya kilio kile kulikuwa na kicheko.

"Hewa," akasema. "Watu watatu wazima tunanyima chupa hewa."

Mtu mzima wa tatu alikuwa mimi. Sijawahi kupandishwa cheo namna ile.

Kukhu akaingia ndani akatoka na daftari. Mama hakulichukua. Akachukua bisibisi, akapiga magoti kando ya injini, akazikaza skrubu zote mbili hadi mwisho, pale baba alipoanzia kuhesabu, kisha akaniambia, "Soma."

Nikasoma. Kushoto mzunguko mmoja na nusu. Akageuza, polepole, midomo ikihesabu. Kulia mmoja na robo. Akageuza. Akapiga teke mara moja tu. Moshi mweusi ukatoka mara ya mwisho, ukapauka, ukaisha, na injini ikashuka kwenye sauti niliyoijua tangu nikiwa mgongoni. Mama akaenda nyuma, akaweka viganja kwenye ekzosi mbili, akafumba macho. Akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akaniita, akaichukua mikono yangu, akaiweka mahali pa mikono yake. Pumzi mbili zenye joto zilinigonga viganja, sawa kwa sawa. Mapacha walikuwa wamelala.

Siku ya soko alitoka alfajiri amevaa ile suruali ya baba, tanki limerudishwa na kutiwa petroli ya kukopa, na watu wakatoka kwenye miwa kutazama. Alienda Chwele akarudi na mkungu wa ndizi umefungwa nyuma, ili pasiwe na wa kusema hakufika. Wazee walikuwa wanangoja chini ya ukuta. Wa kwanza kupiga makofi alikuwa baba mdogo, na siku ile ile alipanda gari kurudi Kitale bila pikipiki na bila mimi. Mama alifanya kazi ya ng'ombe hadi nikamaliza shule, hadi ndugu yangu akamaliza, na mizaha ilipoanza tena alijibu kwamba fahali wa pikipiki amekufa, sasa kuna mjane wake, na ng'ombe hawajalalamika.

Ukienda Kabuchai leo hutaliona lile ghala. Mahindi yanauzwa yakiwa bado na joto la shamba, na yanayobaki yanawekwa kwenye magunia sebuleni pamoja na makochi. Kukhu amelala nyuma ya migomba kando ya mwanawe. Kila kitu siku hizi kinakuja na kifuniko chake cha plastiki, na magunzi yanachomwa tu, hakuna anayekaa kuyachagua. Yule muuza mafuta sikumwona tena, na sikuwahi kumshukuru. Zamani nilidhani vitu vikubwa ndivyo vinavyoacha pengo, lakini kinachoniuma zaidi ni kwamba hakuna tena mtu duniani anayezima moto wa boma zima kwa sababu ya pikipiki, na watu wakakubali kula viazi baridi bila kunung'unika.

Mama yuko, namshukuru Mungu. Magoti yamekataa, ulimi haujakataa. Mwezi uliopita aliniita akanikabidhi pikipiki pamoja na daftari la samawati lililofungwa kwa kitambaa, akasema hataki kuiona ikifa kwa macho yake. Jumamosi, jirani alipokwisha kucheka na kwenda zake, nilimpigia simu.

"Umeweka chupa?"

"Nimeweka, mama."

"Na kifuniko?"

"Nimekitoboa."

"Na skrubu?"

Nikamwambia skrubu nazijua kwa moyo, sihitaji daftari.

"Usijifanye unajua," akasema. "Fungua daftari."

Kumbishia mama ni kupoteza chaji ya simu. Nikafungua kitambaa, nikafunua kurasa zilizokauka, nikaupata mwandiko wa baba ulioinama: kushoto mzunguko mmoja na nusu, kulia mmoja na robo. Chini yake kulikuwa na mistari miwili ya penseli, kwa herufi nene za mama, ambayo katika miaka hiyo yote sikuwahi kuiona.

*Alikuwa sawa.*

*Na mtoto alisema mwenyewe.*

Nikakaa chini pale pale kwenye nyasi. Kwenye simu nikasikia jogoo wa Kabuchai akiwika nyuma ya mama.

"Umeona?" akaniuliza.

"Nimeona, mama."

"Basi washa, tusikie."